Ukuta wa Mama Umekataa Kijivu

Nilirudi nyumbani Ngamiani, mjini Tanga, mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshika na vumbi la barabara limetua juu ya kila kitu, huku simu yangu ikiwa na picha zaidi ya mia mbili za sebule za watu nisiowajua. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Shaaban, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, na kwa desturi yetu ya pwani haifikiriki kuwapokea wageni wa harusi katika nyumba ambayo kuta zake nyingi hazijaguswa kwa miaka sita. Mimi ndiye kifunguamimba, mshahara wangu ndio uliotazamwa, na kwa sababu hiyo nikajipa cheo ambacho hakuna aliyenipa: nikaamini kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua.

Nilikuwa nimechagua kijivu. Kuta zote kijivu, milango myeupe, mapazia ya kijivu kilichokolea zaidi, na ukuta wa sebuleni unaowekewa televisheni niuvike paneli za plastiki zenye mawimbi. Nyumba za namna hiyo nilikuwa nimeziona Dar es Salaam, na nimeziona zaidi katika picha za Ulaya na Marekani, ambako kijivu kilitawala kuta za watu kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2010. Nilimwonyesha Mama picha moja baada ya nyingine. Alizitazama kwa subira, akavua miwani, kisha akauliza swali moja tu: "Hawa nao fedha ya rangi iliwaishia?"

Nilicheka siku ile, lakini swali lake lilikuwa na hoja nzito kuliko picha zangu zote. Katika mji kama Tanga, wenye kiwanda chake cha saruji pale Pongwe, kijivu ni rangi ya nyumba ambayo bado haijaisha. Mtu hupandisha matofali, akapiga lipu, akaingiza watoto ndani, kisha akangoja mwaka mmoja au mitano mpaka Mungu amjalie fedha ya rangi. Na muda wote huo nyumba yake ni ya kijivu, na jirani zake wanaelewa kwa nini. Siku anapopaka rangi ndiyo siku anayotangaza kwamba amemaliza. Mzungu aliyezaliwa katika nyumba iliyokwisha kupakwa rangi kabla babu yake hajazaliwa anaweza kukiona kijivu kuwa utulivu. Mama yangu, aliyeishi miaka tisa akiingoja lipu ya nje ipakwe, alikuwa anaombwa airudishe nyumba yake nyuma.

Hata hivyo sikukubali kushindwa upesi. Nilimwita fundi rangi wa Makorora ambaye amepaka nyumba nyingi za mtaa wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, nikampa shikamoo na papo hapo nikaanza kumfungulia simu. Aliisukuma kwa adabu. "Usinionyeshe simu, mwanangu," alisema. "Nionyeshe dirisha."

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, kama nyingi za Ngamiani: baraza mbele, mlango wa mvule, ukumbi unaopita katikati moja kwa moja hadi uani, na vyumba vitatu kila upande. Babu, aliyefanya kazi bandarini, aliijenga kwa mawe na chokaa. Baraza linatazama magharibi, kwa hiyo vyumba vya mkono wa kushoto unapoingia madirisha yake yanatazama kaskazini, na vya kulia yanatazama kusini. Ukumbi hauna dirisha hata moja. Mwanga wake ni ule unaoingia kwa mlango wa mbele na mlango wa uani, ukafifia kadiri unavyokaribia katikati, mahali ambapo tangu utotoni tulikuwa tukipapasa ukuta kutafuta swichi hata saa sita mchana.

Fundi aliniagiza nipake rangi zangu za majaribio juu ya vipande vya boksi, kila kimoja mkono mmoja kwa mkono mmoja, mipako miwili, na nivikaushe kabisa kabla ya kutoa hukumu, kwa maana rangi ya maji ikikauka huwa imekolea kuliko ilivyokuwa mbichi. Kisha akanitaka nivizungushe chumba kwa chumba na kuvitazama kwa saa za sala: baada ya alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, na mwisho baada ya isha taa zikiwa zimewashwa. Nilifanya hivyo kwa siku tatu, Mama akinifuata nyuma kama mkaguzi.

Kijivu changu kilianguka mtihani mbele ya macho yangu. Katika chumba cha kusini adhuhuri kilipendeza, hilo nakiri. Ukumbini kilikuwa wingu la masika. Usiku, chini ya zile balbu nyeupe ambazo karibu kila nyumba inazo, kilikuwa samawati iliyopauka, mfano wa shuka la wodini. Sababu yake si uchawi. Kila rangi ina kipimo cha kiasi cha mwanga inachorudisha, kuanzia 0 kwa nyeusi kabisa hadi 100 kwa nyeupe kamili, na mara nyingi kampuni za rangi huandika namba hiyo nyuma ya kadi zao. Kijivu nilichokipenda kiko katikati ya ngazi hiyo, maana yake takriban nusu ya mwanga unaogusa ukuta unamezwa. Katika sebule yenye madirisha makubwa ya kioo mtu anaweza kuvumilia hasara hiyo. Katika ukumbi unaoishi kwa mwanga wa kuazima, ni sawa na kumnyang'anya maskini chenji.

Na hapa ndipo nilipogundua kwamba ushauri mwingi niliousoma haukuandikwa kwa ajili ya dirisha letu. Majarida ya Uingereza na Marekani hurudia kanuni moja bila kuchoka: chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na mwanga wake una ubuluu, kwa hiyo kipake rangi zenye joto, kinachotazama kusini kina jua siku nzima, kwa hiyo kinastahimili rangi yoyote. Kanuni hiyo ni ya kweli kule kwao, kwa sababu jua lao la mchana huwa kusini mwaka mzima. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko upande wa kusini, huku likipita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka. Chumba chetu cha kaskazini kwa hiyo hakina tabia moja. Mwezi wa Januari, nilipokuwa nikipitisha vipande vyangu vya boksi, kilikuwa na kivuli kitulivu, nami nikaanza kukitafutia rangi ya kukichangamsha. Mama ndiye aliyenizuia. "Subiri kusi," alisema. "Mwezi wa sita jua linaingia humu mpaka miguuni pa kitanda." Amelala katika chumba hicho tangu aolewe, na hahitaji kuambiwa na mtu jua linapita wapi.

Kwa hesabu ya huku kwetu, basi, pande zenye neno zito ni mashariki na magharibi. Sebule yetu iko mbele na inapigwa na jua la alasiri, lile la rangi ya shaba linaloingia chini chini na kuwasha kila kilicho chekundu au cha njano. Kipande cha boksi chenye rangi ya krimu, ambacho asubuhi kilikuwa cha kiungwana, saa kumi na moja jioni kilikuwa kama samli iliyoyeyuka. Hapo ndipo kijani kilipojipendekeza: kijani kilichopauka sana, cha jani changa la mgomba kabla halijafunguka, ambacho jua la alasiri linakipoza badala ya kukiwasha.

Kuhusu balbu nitasema kwa ufupi, maana ni jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Balbu zetu nyeupe mara nyingi ni za kiwango cha Kelvini 6500, mwanga wenye ubuluu wa mchana wa mawingu. Zile za njano ni za 2700 au 3000. Rangi mbili zinazofanana chini ya jua zinaweza kuachana kabisa chini ya balbu, na hakuna fundi wa kulaumiwa. Nilibadilisha balbu tisa kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, na ninaamini zile ndizo shilingi nilizozitumia vizuri kuliko zote.

Suala la mitindo lilitupeleka mbali kidogo, lakini ni safari niliyoifurahia. Kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuzipa rangi namba ili mpiga chapa wa Tokyo na wa Nairobi wawe wanazungumzia kitu kimoja, imekuwa ikitangaza rangi ya mwaka tangu mwaka 2000. Ya 2024 iliitwa Peach Fuzz. Ya 2025 iliitwa Mocha Mousse, na nilipomwonyesha Mama, alisema, "Hiyo si maji ya kunde?" Nikaitazama tena na kuona kwamba ndiyo hasa, rangi ambayo sisi tumekuwa tukiwasifia watu kwayo siku zote. Ya 2026 ni Cloud Dancer, na hiyo ni nyeupe. Watu wameshauriana mwaka mzima, wakatuletea nyeupe.

Lugha yetu ina utaratibu wake wa kuita rangi, nao ni wa kushika kitu mkononi. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, manjano ni ile ile bizari ya jikoni, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, na nyekundu ile iliyokolea mpaka ikakaribia weusi tunaiita damu ya mzee, jina ambalo kampuni yoyote ya rangi ingelinunua kwa fedha nyingi. Dukani mambo ni tofauti. Kijana wa mashine ya kuchanganyia aliniuliza namba, nami sikuwa na namba. Mama akafungua mkoba, akatoa kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka wino wake ukawa moshi, akaitandaza juu ya kitabu cha rangi na kuanza kufunua kadi taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka akaipata iliyolala juu ya kanga bila kuonekana mpaka wake. Ndiyo rangi ya vyumba vya kusini sasa: maji ya kunde iliyochujwa mara mbili, kwa maana fundi alitushauri tuchukue kadi moja iliyo nyepesi kuliko tuliyoipenda. Rangi ikizunguka kuta nne hujimulika yenyewe, ukuta mmoja ukiutupia mwenzake, na chumba kizima hutoka kimekolea kuliko kadi ilivyoahidi.

Kuna rangi ambazo tuliziondoa bila kuzijaribu, na sababu zake hazimo katika jarida lolote. Kijani na njano pamoja, kwa upande wa barabarani, zingetufanya tuulizwe siasa na mpira kwa wakati mmoja. Nyekundu kali ingefanya nyumba ionekane imekodishwa kwa kampuni ya simu, kama zile za kandokando ya barabara kuu zilizopakwa rangi ya mtandao kuanzia msingi hadi dirisha. Krimu juu na kahawia chini ni ofisi ya serikali. Shangazi alipendekeza waridi na akasikilizwa kwa heshima.

Sasa nifike ukumbini, ambako ndiko jambo lenyewe lilikotokea.

Tulikuwa tumekubaliana nyeupe kwa ukumbi, kwa ajili ya mwanga, na fundi akaanza kukwangua rangi ya zamani ili apate uso mzuri wa kufanyia kazi. Ile rangi ya maji ya miaka ya karibuni ilikuwa imeachia ukuta. Ilibanduka vipande vipana kama maganda ya kitunguu, na chini yake kukatokea weupe mwingine, mkavu, laini, wenye ubuluu wa mbali. Fundi aliugusa kwa kidole, akakitazama kidole, akasema, "Hii ni mikono ya bibi yako." Ilikuwa chokaa. Baba alipopiga lipu ya saruji miaka ya 1980 aligusa nje na vyumba vya nyuma tu. Ukumbi ulikuwa bado una lipu yake ya asili, na juu ya lipu hiyo miaka yote ya chokaa ya Ramadhani, mpako juu ya mpako.

Mama alikaa kwenye kiti cha ukumbini na kutusimulia jinsi ilivyokuwa ikifanywa. Chokaa huzimwa kwenye pipa siku kadhaa kabla, maji yakichemka yenyewe bila moto, na watoto hufukuzwa uani kwa sababu tone moja likiingia jichoni ni hatari ya kupofua. Ikitulia huchujwa kwa kanga. Hutiwa chumvi, ili isikauke upesi na ishike ukuta, kisha hutiwa kidonge cha buluu ya kufulia, kile kile cha kung'arishia mashati meupe, kikiwa kimefungwa katika kitambaa na kukorogwa taratibu mpaka weupe uwe na ubaridi. Brashi ilikuwa ya katani. Katika mji uliokuzwa na mkonge, brashi ya kitu kingine ingekuwa aibu.

Niliyachunguza haya baadaye na nikaona jinsi yalivyokuwa na akili. Jiwe la chokaa, lile lile lililotoboka likawa Mapango ya Amboni, likichomwa kwenye tanuri kwa joto la takriban digrii 900 za Selsiasi hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Ikinyweshwa maji huzimika. Na ikipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa iliyoipoteza, mpaka inakuwa jiwe upya, jembamba kuliko karatasi, lililoshikana na ukuta badala ya kuufunika. Nayo buluu ya kufulia asili yake ni rangi ambayo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani, hadi Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipotuzwa mwaka 1828 kwa kupata njia ya kuitengeneza kiwandani. Rangi hiyo huharibiwa na asidi lakini huvumilia ukali wa chokaa, ambao huziua rangi nyingine nyingi za buluu. Bibi hakuwa amesoma kemia. Alikuwa ameona tu kwamba hii hubaki na nyingine hazibaki.

Na kilichonichekesha ni kwamba ndani ya ile simu yangu, kati ya picha mia mbili, zilikuwemo takriban thelathini za kuta za chokaa. Ulaya na Marekani sasa ni mtindo wa watu wenye nafasi: ukuta wenye mawingumawingu, usio na mng'ao, unaoonyesha pito la brashi. Nilikuwa nimezihifadhi bila kutambua kwamba ninauangalia ukumbi wa bibi yangu.

Tulinunua chokaa ya mfuko iliyotokana na mawe ya machimboni. Ile ya matumbawe, ambayo zamani pwani nzima iliitegemea, sitaitetea, kwa maana kila tanuri lake ni kipande cha mwamba wa samaki kilichochomwa. Fundi alivaa miwani na glavu, akaulowanisha ukuta kwa maji safi, akapaka. Niliingia kutazama nikakata tamaa: ilikuwa kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha maziwa, na ukuta ulionekana mchafu kuliko mwanzo. Fundi alinitazama usoni akacheka, akaniambia nikalale. Kulipokucha ukumbi ulikuwa mweupe. Chokaa haionyeshi weupe wake mpaka ikauke, na mwenye haraka huiongeza uzito, ikaja ikapukutika. Tulipaka mipako minne myepesi katika siku nne, na leo hii hatupapasi tena swichi mchana.

Dosari yake ni ile ile ya enzi za bibi: ukiegemea unatoka na mgongo mweupe. Siku ya harusi niliwahesabu waungwana sita wenye makoti meusi waliotoka ukumbini mwetu na alama za mabawa. Wala chokaa si ya kupakwa kila mahali. Inahitaji ukuta unaokunywa maji. Juu ya rangi ya mafuta, au ya maji isiyokwanguliwa, haishiki. Kwa hiyo mwenye nyumba ya tofali za saruji iliyokwisha kupakwa mara tatu atafute rangi ya maji isiyong'aa, apake, apumzike.

Mtu anayenunua rangi ya maji na akumbuke hesabu hii. Lita moja juu ya ukuta laini uliopigwa praima hufunika takriban mita 10 hadi 12 za mraba kwa mpako mmoja. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 chenye urefu wa mita 3 kwenda juu kina kuta za karibu mita 40 za mraba. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 36. Mipako miwili ni 72. Kwa hiyo unahitaji lita 6 hadi 7 na kidogo, yaani makopo mawili ya lita 4. Yanunue siku moja na uyamimine yote katika ndoo moja, uyakoroge, ndipo uanze. Sisi chumba cha pili tulipungukiwa, tukarudi dukani na namba ile ile, na rangi iliyochanganywa siku ile ikagoma kufanana na ya wiki iliyotangulia. Mpaka wake uko nyuma ya kabati. Ninajua ulipo, na kila nikiingia macho yangu huenda hapo hapo.

Milango ilitupa kazi yenye tahadhari. Ule mkubwa wa mbele ulikuwa na kahawia juu, chini yake buluu, chini yake kijani cha miaka nisiyoijua, na mwisho kabisa mvule wenyewe, wenye mafuta yake bado. Nilitaka msasa upigwe siku hiyo hiyo. Fundi alikataa kuupiga mkavu, na alikuwa sahihi, kwa sababu rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto bila dalili za haraka. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kiasi chake katika rangi kisizidi sehemu 90 kwa milioni, na hizo za zamani zilikuwa mbali sana na hapo. Wajukuu wa Mama walipelekwa kwa shangazi siku mbili, mlango ukalowanishwa, ukakwanguliwa ukiwa majimaji, na takataka zikafungwa mifukoni. Sasa mlango una mafuta ya kitani peke yake.

Vyombo vya ndani sitavikawilia. Paneli za mawimbi niliziacha, kwa kuwa nyuma ya plastiki ukuta wa pwani huota ukungu na hujui mpaka unuke. Dari ya jipsamu yenye taa za mstari niliiacha kwa sababu ya bei, nami sioni haya kusema hivyo. Zulia la manyoya lilibadilishwa na mikeka ya ukindu yenye miyaa ya zambarau na kijani, ambayo peke yake ilitosha kuwa rangi ya pili ya sebule; ile kanuni ya watu wa mapambo, kwamba chumba kigawiwe rangi kwa 60, 30 na 10 kati ya mia, nilikuta mikeka, mapazia na mito imekwisha kuitimiza bila mimi kupima chochote.

Limebaki chumba cha nyuma, na hiki ni kosa langu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita ukuta wake wa chini ulikuwa unatoa chumvi, unga mweupe unaochanua kwenye lipu na kuisukuma rangi. Nilituma fedha na agizo kwamba upakwe rangi ya mafuta mpaka usawa wa kiuno, ili unyevu uzibwe. Unyevu hauzibwi kwa koti la mvua. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya ardhini na kuyapumua nje kidogo kidogo. Lipu ya saruji iliuziba pua, na rangi yangu ya mafuta ikauziba mdomo. Kabla mwaka haujaisha ukuta ulikuwa na malengelenge makubwa ambayo wajukuu walikuwa wakiyapasua kwa vidole, na ndani yake mlikuwa na maji yenye ladha ya chumvi. Mmoja wao ndiye aliyetoa taarifa ya ladha. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wahifadhi wamekuwa wakilisema jambo hili hili miaka mingi: ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Mwezi wa Februari tuliibomoa ile lipu ya saruji mpaka usawa wa kifua. Nje tulichimba mfereji wa kina cha mkono, kwa sababu kifusi cha miaka mingi ya kutengeneza barabara na uchochoro kimeifanya ardhi ya nje iwe juu kuliko sakafu yetu ya ndani, jambo ambalo hakuna rangi duniani inayoweza kulirekebisha. Fundi akapiga lipu ya chokaa na kutuambia tusiiguse mpaka masika ipite. Wageni wa harusi walikuta chumba kimefungwa na pazia limening'inizwa mlangoni.

Kabla ya kurudi kazini nilichora mstari wa penseli mahali ambapo unyevu uliishia, nikaandika tarehe pembeni, na nikamwomba Mama awe anachora mwingine kila mwisho wa mwezi. Machi mstari ulikaa. Aprili ulipanda vidole vitatu, nikapiga simu kwa fundi nikiwa na wasiwasi, naye akaniuliza kama nilitarajia mvua inyeshe na ukuta usijue. Mei ulirudi ulipoanza. Jana Mama amenitumia picha: mistari minne ya penseli, mwandiko wake uleule wa kuandikia daftari la duka, na kidole chake cha shahada kikionyesha wa tano, chini ya yote, vidole viwili chini ya ule wa Februari. Anauliza kama chokaa ya chumba hicho nayo itiwe buluu.